Namna ya Kuufuatilia Uzinduzi wa Apple wa Septemba Ukiwa Afrika Mashariki

Kila mwaka, wiki za mwisho za Agosti zinapokaribia, wapenzi wa simu za iPhone huanza kuulizana swali moja: je, mwaliko umetoka? Mwaliko wenyewe ni picha moja yenye nembo ya tufaha, tarehe na saa, ambayo Apple huituma kwa waandishi wa habari na kuiweka kwenye tovuti yake takriban wiki mbili kabla ya onyesho. Mwaka 2024 na mwaka 2025 ulitoka tarehe ileile, 26 Agosti, na mara zote mbili onyesho likafanyika tarehe 9 Septemba katika makao makuu ya kampuni hiyo, Apple Park, mjini Cupertino, California.

Onyesho hilo huandaliwa kwanza kwa ajili ya mnunuzi wa Marekani. Bei hutajwa kwa dola, punguzo hutegemea kampuni za simu za huko, na vipengele vingi huanza kufanya kazi huko kabla ya kwingineko. Hata hivyo, kwa anayeipenda teknolojia na anayeishi Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bujumbura, uzinduzi huu ni mojawapo ya nafasi chache za mwaka za kuona mahali ambapo simu, saa janja na kompyuta zinaelekea. Unastahili kufuatiliwa vizuri, na kuufuatilia vizuri kutoka mbali kunahitaji maandalizi ambayo mtazamaji wa California hana haja nayo.

Tarehe na saa

Kwa kawaida onyesho huanza saa nne asubuhi kwa saa za California. Mwezi Septemba, California huwa nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa kumi, kwa hiyo kwetu huanza saa mbili kamili usiku. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, hivyo wao huanza saa moja usiku. Aliyeko Muscat au Dubai hulitazama saa tatu usiku, aliyeko London saa kumi na mbili jioni, na ndugu yetu aliyeko Toronto au New York huanza saa saba mchana, pengine akiwa bado kazini.

Taarifa nyingi huandika muda huo kama 10 a.m. PT, yaani saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, na msomaji mwenye haraka huisoma tarakimu hiyo kuwa saa kumi. Nimewaona watu wakiwasha simu zao saa kumi jioni, wakakuta ukurasa mtupu, wakadhani onyesho limeahirishwa. Njia salama ni kufungua ukurasa wa matukio katika tovuti ya Apple na kubonyeza kitufe cha kuongeza tukio kwenye kalenda: simu itabadilisha saa yenyewe kulingana na mahali ulipo, na itakukumbusha.

Usikariri kwamba ni saa mbili usiku daima. Marekani husogeza saa zake mbele mwezi Machi na kuzirudisha nyuma mwanzoni mwa Novemba, ilhali sisi hatuzigusi zetu. Ndiyo maana onyesho la tarehe 10 Novemba 2020, lililozitambulisha kompyuta za kwanza za Mac zenye chipu ya M1, lilianza saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki ingawa kule ilikuwa saa nne asubuhi kama kawaida. Kuna pia nyakati ambazo kampuni yenyewe hubadili utaratibu. Onyesho la tarehe 30 Oktoba 2023 lilipangwa saa kumi na moja jioni huko California, na kwetu ikawa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 31. Siku ya wiki nayo haina uhakika: mwaka 2022 uzinduzi wa iPhone 14 ulikuwa Jumatano, mwaka 2023 ulikuwa Jumanne, na mwaka 2024 ulikuwa Jumatatu.

Bando, umeme na wenzako wa kutazama nao

Maonyesho ya Septemba ya miaka ya karibuni yamechukua kati ya saa moja na robo hadi saa moja na dakika arobaini. Ili kujua utahitaji bando kiasi gani, shika hesabu hii: video inayotiririka kwa megabiti moja kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Ubora wa picha wa 480p (namba ikiwa kubwa, picha huwa safi zaidi) kwa kawaida huwa kwenye kiwango hicho au hukizidi kidogo, ubora wa 720p huweza kukizidi mara mbili au tatu, na ubora wa 1080p huweza kupita GB 2 kwa saa. Kwa hiyo mtu anayetazama kwenye simu kwa 480p atatosheka na GB moja akiwa na akiba kidogo, ilhali anayetaka picha safi kwenye televisheni ajipange kwa GB 3 au 4.

Hapa mahali unapotazamia pana umuhimu. Tovuti ya Apple na programu ya Apple TV hujichagulia ubora kulingana na kasi ya mtandao, na kasi ikiwa nzuri zitachukua ubora wa juu bila kukuuliza. YouTube hukuruhusu kuchagua mwenyewe. Mwenye kifurushi kidogo, nashauri atumie chaneli ya Apple ya YouTube, afungue mipangilio ya video mara inapoanza, na aweke 480p kwa mkono. Kwenye skrini ya simu utaona kila kitu unachohitaji, isipokuwa maandishi madogo ya chini, ambayo nitayazungumzia baadaye na ambayo unaweza kuyarudia kwenye marudio.

Kama bando lako haliwezi kubeba onyesho zima, ingia kwa kuchelewa. Mwaka 2023 saa janja zilitangulia na simu zikafuata; mwaka 2024 zilianza saa, zikafuata AirPods, yaani visikizi visivyo na waya vya Apple, kisha simu; mwaka 2025 AirPods zilitangulia, zikafuatiwa na saa, ndipo simu zikaja. Simu za daraja la Pro ndizo hufunga. Anayejali simu pekee hatapoteza mengi akiingia nusu saa baada ya kuanza. Na asiyeweza kutazama video kabisa anaweza kufuata taarifa za maandishi zinazoandikwa papo kwa papo na tovuti kama The Verge, ambazo hula sehemu ndogo sana ya bando linalotumiwa na video.

Chaji simu na pawabenki tangu alasiri. Umeme ukikatika saa mbili na nusu usiku, kipanga njia cha Wi-Fi cha nyumbani kitazimika, kwa hiyo kifurushi kidogo cha akiba kwenye laini ya simu kina thamani kubwa kuliko bei yake.

Kutazama na wenzako kuna raha yake, hata kama kila mmoja yuko kwake na mnazungumza kwenye kundi la WhatsApp. Tatizo ni kwamba matangazo ya mubashara hayawafikii watu wote kwa wakati mmoja: anayetazama kwenye tovuti ya Apple na anayetazama YouTube wanaweza kupishana kwa sekunde nyingi, na mwenye mtandao wa polepole hubaki nyuma zaidi. Matokeo yake ni kwamba mmoja anaandika bei kwenye kundi kabla wengine hawajaiona simu yenyewe. Kubalianeni mapema kwamba wote mtatumia chanzo kimoja, na kwamba ujumbe kuhusu bei hautatumwa mpaka sehemu ya bidhaa hiyo imalizike. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa wale waliosubiri mwaka mzima kuona kitu kwa macho yao, ni heshima.

Jihadhari na matangazo bandia

Sehemu hii naomba uisome hata kama utaruka nyingine. Kila uzinduzi mkubwa unapokaribia, matapeli huteka chaneli za YouTube zenye wafuasi wengi, huzibadilisha majina na picha zifanane na za Apple, kisha hurusha kinachoonekana kama matangazo ya mubashara. Mwaka 2022 walitumia mahojiano ya zamani ya Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo. Kwenye uzinduzi wa Septemba 2024 walitumia video yake iliyotengenezwa kwa akili mnemba, ikimwonyesha akiwahimiza watazamaji watume sarafu za kidijitali ili warudishiwe mara mbili. Pembeni ya video huwekwa msimbo wa kuskani au anwani ya tovuti.

Dalili za kuitambua ziko wazi ukizijua. Apple haitoi zawadi ya sarafu za kidijitali wala haiombi mtazamaji atume fedha yoyote. Matangazo halali kwenye YouTube huwekwa mapema, siku kadhaa kabla ya tukio, yakiwa na kitufe cha kukumbushwa, kwa hiyo video inayojitokeza ghafla ikisema iko mubashara saa moja kabla ya wakati uliotangazwa ni ya kutiliwa shaka. Usiitafute video siku yenyewe kwa kuandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa sababu hapo ndipo zile za bandia hupanda juu. Ihifadhi ile halali siku mwaliko unapotoka, ukiwa umeifikia kupitia tovuti ya Apple yenyewe, na uwatumie wazee na wadogo zako kiungo hicho hicho.

Tetesi zisomwe kwa kiasi

Kufikia Agosti, karibu kila kitu kinachohusu umbo la simu mpya huwa kimeshavuja. Viwanda vinavyotengeneza vifuniko na vioo vinahitaji vipimo miezi kadhaa kabla, na vipimo hivyo havifichiki. Wapo pia watu wenye rekodi nzuri: Mark Gurman wa shirika la habari la Bloomberg, ambaye taarifa zake hutoka zaidi ndani ya kampuni, na mchambuzi Ming-Chi Kuo, anayefuatilia zaidi viwanda na wauzaji wa vipuri huko Asia.

Hata hao, hata hivyo, huwa sahihi kuhusu jambo na wakakosea kuhusu wakati wake. Agosti 2021 Kuo alieleza kwamba simu za mwaka huo zingeweza kuwasiliana na setilaiti. iPhone 13 ilipotangazwa mwezi uliofuata, setilaiti haikutajwa kabisa. Kipengele hicho kilikuja na iPhone 14 mwaka 2022. Mwaka huohuo wa 2021 picha za Apple Watch yenye kingo bapa zilisambaa kila mahali, na saa iliyotoka, Series 7, ilikuwa na kingo za mviringo. Simu nyembamba ya mwaka 2025 ilivuja kwa usahihi mkubwa, lakini jina lililozoeleka kwenye tetesi lilikuwa iPhone 17 Air, na jina lililotangazwa likawa iPhone Air, bila namba.

Kwa maoni yangu, tetesi za umbo, kamera na ukubwa wa skrini zinaweza kuaminiwa kuanzia Julai. Tetesi za bei zisubiriwe, kwa kuwa bei ni uamuzi wa watu wachache na hauhitaji kiwanda chochote kuujua. Na mtu akikuambia simu mpya italeta huduma fulani katika nchi yako, mwulize chanzo chake, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo wavujishaji hulijua kidogo kuliko yote. Uamuzi wa kuuza simu yako ya zamani au kukopa fedha usiufanye kwa tetesi hata mara moja.

Usiku wenyewe: nini cha kutazama

Tangu Juni 2020, maonyesho ya Apple ni filamu iliyorekodiwa na kuhaririwa kabla. Waandishi wa habari na wageni hukusanyika katika ukumbi wa Steve Jobs Theater, wenye viti 1,000, ambao ulifunguliwa kwa uzinduzi wa iPhone X tarehe 12 Septemba 2017. Lakini sehemu kubwa ya wanachokiona ni filamu ileile unayoiona wewe ukiwa sebuleni. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Tarehe 7 Juni 2010 Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alipokuwa akiionyesha iPhone 4 jukwaani, mtandao wa Wi-Fi ulimgomea kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umejaa vifaa vilivyounganishwa, na akalazimika kuwaomba watu wavizime. Kosa kama hilo haliwezi kutokea tena. Wengine huona uhai umepungua, na nawaelewa. Lakini kwa mtazamaji wa mbali kuna faida, kwani kila neno na kila picha vimechaguliwa kwa makini, na vinaweza kusomwa kwa makini vilevile.

Anza na maandishi madogo. Wakati msimamizi anaeleza kipengele kipya kwa sauti ya furaha, chini kabisa ya skrini, kwa herufi za kijivu, hutokea sentensi moja au mbili ambazo hukaa kwa sekunde chache. Hapo ndipo huandikwa kwamba kipengele hakipatikani katika nchi zote au lugha zote, kwamba kitakuja baadaye, au kwamba kinategemea kampuni ya simu. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuizoea sehemu hiyo ya skrini kuliko watazamaji wengine wote. Chukua picha ya skrini kila yanapotokea, uyasome baadaye kwa utulivu. Huduma ya kuomba msaada wa dharura kupitia setilaiti, iliyotangazwa kwa msisimko mkubwa mwaka 2022, ilianza Novemba mwaka huo Marekani na Kanada, ikafuata katika nchi kadhaa za Ulaya na kwingineko. Mwananchi wa Tanzania au Kenya aliyeinunua simu hiyo kwa sababu ya setilaiti alilipia kitu ambacho hawezi kukitumia nyumbani. Msaidizi wa sauti wa iPhone, aitwaye Siri, hasemi Kiswahili, na vipengele vya akili mnemba vya Apple Intelligence vilivyotangazwa tangu Juni 2024 havikuja na Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

Pili, sikiliza wakati wa vitenzi. Kuna tofauti kati ya bidhaa inayouzwa Ijumaa ya wiki ijayo na ile itakayokuja baadaye mwaka huu, na tofauti kubwa zaidi kati ya hizo na ile isiyopewa tarehe. Septemba 2017 Apple ilionyesha kifaa bapa cha kuchajia kilichoitwa AirPower, ambacho kingechaji simu, saa na AirPods kwa pamoja. Hakikuuzwa kamwe, na tarehe 29 Machi 2019 kampuni ikatangaza kuufuta mradi. Siri mpya yenye kuelewa mambo binafsi ya mtumiaji ilionyeshwa Juni 2024, na Machi 2025 ikaahirishwa. Kanuni ninayoifuata ni kuhesabu tu kile chenye tarehe ya kuuzwa na bei. Mengine nayafurahia kama mipango.

Tatu ni bei. Inayotajwa ni ya simu yenye hifadhi ndogo kuliko zote, bila kodi ya mauzo ya jimbo, na wakati mwingine yenye sharti. Mwaka 2020 iPhone 12 ilitangazwa kuwa inaanzia dola 799, lakini bei hiyo ilikuwa ya anayejiunga na kampuni fulani za simu za Marekani. Aliyeitaka bila kufungwa na kampuni yoyote alilipa dola 829. Unapolinganisha na mwaka uliopita, linganisha pia hifadhi: iPhone 16 ilianzia dola 799 ikiwa na GB 128, na iPhone 17 ilianzia dola 799 hizohizo ikiwa na GB 256. Hapo bei haikubadilika, ila thamani ilipanda, na mtu anayeandika namba moja tu kwenye daftari hataliona.

Nne, msimamizi akisema chipu au kamera ni bora mara mbili, angalia inalinganishwa na kipi. Mara nyingi ulinganisho ni na kifaa cha miaka mitatu, minne au mitano iliyopita, na kifaa hicho hutajwa kwa ufupi au kwa maandishi madogo. Si uongo, na kwa aliye na iPhone 12 mkononi ndio ulinganisho unaomfaa. Aliye na simu ya mwaka jana ndiye anayepaswa kujiuliza mara ya pili.

Mwisho wa sehemu ya kila bidhaa hutokea picha moja iliyogawanywa kwa vigae vingi, kila kigae kikiwa na kipengele kimoja: saa za betri, uwezo wa kamera, aina ya kioo, rangi. Hukaa kwa muda mfupi sana. Ipige picha ya skrini bila kuchelewa, kwa kuwa ndani yake kuna mambo kadhaa ambayo hayakutamkwa kabisa, na mara nyingi hayo madogo, kama kasi ya kuchaji au aina ya Wi-Fi, ndiyo yanayomhusu mtumiaji wa kila siku.

Kuhusu lugha, YouTube ina uwezo wa kutafsiri manukuu ya video kwa Kiswahili baada ya onyesho. Unasaidia, hasa kwa mzazi au rafiki asiyefuata Kiingereza cha haraka, lakini majina ya vipengele na istilahi za kamera hutafsiriwa ovyo. Ni vizuri zaidi mtu mmoja kwenye kundi akabeba kazi ya kuwaeleza wenzake kwa sauti fupi za WhatsApp mara kila sehemu inapoisha. Kazi hiyo ina heshima yake, na kila kundi lina mtu anayeifaa.

Baada ya onyesho

Usilale mara tu pazia linapofungwa. Ndani ya muda mfupi Apple huweka taarifa rasmi kwenye ukurasa wake wa habari, na kila bidhaa huwa na taarifa yake. Nenda moja kwa moja kwenye aya za mwisho, zinazohusu bei na upatikanaji. Hapo hutajwa lini oda za awali zinaanza na ni nchi zipi zitatangulia. Mpangilio wa miaka ya karibuni umekuwa kwamba oda huanza Ijumaa ya wiki ileile, saa sita mchana kwa saa za kimataifa (UTC), yaani saa tisa alasiri kwetu, na simu kuuzwa Ijumaa inayofuata. Mwaka 2025 oda zilianza tarehe 12 Septemba na mauzo tarehe 19, katika nchi na maeneo zaidi ya 60. Falme za Kiarabu zilikuwamo kwenye kundi hilo la kwanza, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya simu mpya kuonekana Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi siku chache tu baada ya kuuzwa, ingawa Apple haina duka lake lenyewe Afrika Mashariki.

Kwa hiyo, ukitaka kukadiria bei itakayokufikia, fungua tovuti ya Apple ya Falme za Kiarabu badala ya ile ya Marekani. Bei ya huko tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Juu yake ongeza usafiri, ushuru wa forodha pale unapotozwa, kodi ya ongezeko la thamani ya nchini, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Uganda asilimia 18, pamoja na faida ya mfanyabiashara. Ukizidisha dola 799 kwa kiwango cha kubadilishia fedha na kuishia hapo, utamwona kila muuza simu kuwa mwizi, jambo ambalo si haki. Wiki za kwanza huwa ghali kwa sababu walioagiza mapema ni wachache na wateja wenye shauku ni wengi. Anayeweza kusubiri hadi Novemba kwa kawaida hulipa kidogo.

Kuna jambo moja la kuthibitisha kabla ya kutoa fedha, nalo ni laini. Kuanzia iPhone 14, simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina nafasi ya kuweka laini ya kadi. Hutumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu yenyewe. Mwaka 2025 utaratibu huo ulipanuka: iPhone 17 zinazouzwa Falme za Kiarabu, Oman, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait na Bahrain nazo ni za eSIM pekee, na iPhone Air haina nafasi ya kadi popote duniani. Maana yake ni kwamba simu ambayo shemeji anakuletea kutoka Muscat au Dubai inaweza isikubali ile kadi yako ya zamani. Uliza kwanza kwenye duka la kampuni yako ya simu kama inatoa eSIM, unahitaji kitambulisho gani, na kama laini yenye akaunti yako ya fedha inaweza kuhamishwa bila usumbufu. Ukikuta haiwezekani, mwombe muuzaji simu ya soko lenye nafasi ya kadi, kama Uingereza, na uione nafasi hiyo kwa macho yako ubavuni mwa simu.

Kwa wasionunua, nao ndio wengi wetu, uzinduzi una zawadi yake. Toleo jipya la iOS, mfumo unaoiendesha iPhone, hutolewa kwa kawaida siku chache baada ya onyesho: iOS 18 ilitoka tarehe 16 Septemba 2024, na iOS 26 tarehe 15 Septemba 2025, saa mbili usiku kwetu. Angalia kwanza kama simu yako imo. iOS 26, kwa mfano, ilianzia iPhone 11 na kuziacha XR na XS. Hifadhi nakala ya picha na mazungumzo yako, hakikisha una nafasi ya GB kadhaa, kisha tafuta Wi-Fi isiyo na kikomo, kwa sababu faili hilo ni kubwa kuliko onyesho zima ulilolitazama. Usiku wa kwanza seva huelemewa na upakuaji huenda polepole. Asubuhi ya siku ya pili mambo huwa mepesi zaidi, na wiki chache baadaye kwa kawaida hufuata toleo dogo la marekebisho, ambalo ndilo ninalompendekezea mtu mwenye simu moja tu anayoitegemea kwa kazi.